Jinsi Mafua Makali ya Ndege Yanavyoenea kwa Kuku

Januari 2017 virusi vya H5N8 vilithibitishwa nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege pori na kwa kuku na bata wa kufugwa. Virusi hutoka katika kinyesi, mate na makamasi ya ndege mgonjwa; kuku huvipata kwa maji, chakula au hewa iliyochafuliwa. Binadamu naye huvisafirisha kwa viatu, matenga na trei za mayai, kutoka sokoni hadi bandani.

Vifo vyake hufanana na vya mdondo, lakini chanjo ya mdondo haikingi mafua haya. Hivyo, wafugaji wa Ngara, kuku wakifa ghafla kwa wingi, msiwale, msiwauze, wala msiitupe mizoga katika Mto Kagera au Ruvubu. Msiiguse kwa mikono mitupu. Mjulisheni mara moja Afisa Mifugo wa Kata.