Somo la Taya la Chini

Elimu ya kuvijua viungo vya mwili, mahali pake na kazi zake, Waarabu huiita ilmu ya tashrihi. Watu wengi huiogopa, wakadhani kuwa ni bahari isiyo pwani, na ya kuwa haimfai illa tabibu. Si hivyo. Mtu mzima ana mifupa 206. Mwenye kutaka kuijua yote kwa siku moja hatashika hata mmoja. Na mwenye kujifunza mmoja mmoja, akaupapasa katika mwili wake mwenyewe, haupiti mwaka illa amekwisha kujua mingi. Basi somo hili ni la mfupa mmoja tu, nao ni taya la chini.

UMBO LAKE NA MAHALI PAKE

Taya la chini ndio mfupa wa kidevu. Mbele umepinda kama tao, na huku na huku umepanda juu mpaka mbele ya masikio. Juu yake huota meno 16, nayo ni nusu ya meno yote ya mtu mzima. Mifupa mingine ya fuvu na uso imeshikana kwa mishono, mfano wa mbao za jahazi; huu peke yake ndio unaokwenda juu na chini.

Msomaji na aweke vidole vyake mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha afunue kinywa na kukifumba. Atahisi vitu viwili vikitembea chini ya ngozi. Hivyo ni vichwa vya taya, na hapo ndipo penye kiungo chake. Kisha na aume meno kwa nguvu, hali ameweka vidole mashavuni karibu na pembe za taya, halafu aviweke panjani. Atahisi nyama zikifanya ngumu. Hizo ndizo nyama za kutafunia, na ndizo zilizolishika taya lisianguke.

KISA CHA ABDULLATIF

Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alikuwa tabibu mkubwa katika dola ya Rumi, katika karne ya pili ya Masihi. Hakuwa akipasua miili ya watu, bali alipasua nyani na wanyama wengine. Akaandika kuwa taya la chini la mtu ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Maneno yake yakashikwa kwa muda wa miaka zaidi ya elfu, mwalimu akimpa mwanafunzi, wala hapana aliyeuliza.

Hatta akaja Abdullatif al-Baghdadi, aliyezaliwa Baghdad mwaka 557 wa Hijra (1162) na kufa huko huko mwaka 629 (1231). Alikaa Misri akisomesha, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wakisoma kitabu cha tashrihi. Wakasoma wasifahamu, kwani kusikia habari ya mfupa si sawa na kuuona. Katika mwaka 596 (1200) mto wa Nile haukujaa kama desturi yake, pakaingia njaa kubwa, watu wakafa wasiohesabika, na wengi wao hawakupata wa kuwazika. Abdullatif akaambiwa kuwa mahali paitwapo al-Maqs pana kilima cha mifupa ya watu. Akatoka na wenziwe wakenda kutazama.

Wakaliangalia taya la chini, wakaona ni mfupa mmoja, hauna kiungo wala mshono. Hawakutosheka na la kwanza, wala la pili. Walitazama mafuvu zaidi ya 2000, mengine mbele ya Abdullatif na mengine yeye hayupo, na yote yakawa namna moja. Ndipo akaandika aliyoyaona. Hakumtukana Jalinus, bali alimtaja kwa heshima, akamjua kuwa ni mtafiti mkubwa. Ila alisema kuwa jicho ni shahidi mkweli zaidi kuliko yeye. Huko Ulaya, Andreas Vesalius naye alilisahihisha kosa hilo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1543, yaani zaidi ya miaka 300 baadaye.

Na haki husemwa yote: mtoto anapozaliwa taya lake huwa vipande viwili, navyo hushikana vikawa mfupa mmoja katika mwaka wake wa kwanza. Na katika wanyama wengi vipande hivyo hukaa mbali mbali. Mwenye kuchinja mbuzi na alitazame taya lake. Ataona mfuo katikati ya kidevu.

FAIDA YA KUUJUA MFUPA HUU

Ya kwanza ni kwa aliye hai. Mtu huweza kupiga mwayo mkubwa, vichwa vya taya vikatoka mbele ya mahali pake, kinywa kikabaki wazi hakifumbiki na mate yakamtoka. Mwenye kulisukuma taya juu kwa nguvu huzidisha madhara, kwani kichwa cha mfupa kimezuiwa na kingo ya mfupa wa juu. Ni lazima kwanza kishuke chini, kisha kirudi nyuma. Kazi hiyo ni ya tabibu aliyejifunza. Aliye karibu na amtulize mgonjwa, amfunge kitambaa chini ya kidevu pasipo kukaza, ampeleke upesi.

Ya pili ni kwa aliyekufa. Ni katika sunna, roho inapotoka, kuyafumba macho ya maiti na kufunga taya lake kwa kitambaa kipana kinachofungwa juu ya kichwa. Wengi hulifanya jambo hili wasijue sababu yake. Nyama za kutafunia hulegea kwa mauti, na taya likaanguka. Kisha baada ya saa chache maiti hukauka, na taya ni katika viungo vinavyotangulia kukauka. Aliyechelewa kulifunga humwacha nduguye kinywa wazi, na huenda akataka kukifumba kwa nguvu, na maiti hastahili kutendewa hivyo. Aliyejua hufunga mapema na kwa upole.

Basi wanafunzi wa Abdullatif walikwenda mpaka kilima cha wafu ili waone mfupa mmoja. Msomaji hakulazimishwa safari hiyo, maana mfupa wenyewe anao.

MASWALI

1. Taya la chini la mtu mzima ni mifupa mingapi?
2. Kichwa cha taya huhisiwa wapi?
3. Kwa nini Jalinus alikosea, na Abdullatif alijuaje?
4. Taya lililotoka mahali pake, kwa nini halisukumwi juu?
5. Kwa nini taya la maiti hufungwa mapema?