Kumuuza Muungwana na Kula Thamani Yake

 

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la leo ni hadithi ambayo wengi wetu tumeisikia misikitini, lakini ni wachache walioipima kwa mambo ya mji wetu. Amepokea Imamu Bukhari, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), ya kuwa watu watatu Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akahaini; aliyemuuza muungwana akala thamani yake; na aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Basi na tuwatazame watatu hawa. Muuza watu wa zama zetu huwakusanya wote ndani ya nafsi moja: kwanza huapa na kuahidi, kisha huuza, na mwisho aliyeuzwa hafanyi kazi ila ya bure.

Pwani yetu yaijua biashara hii. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika enzi ya Sayyid Barghash. Na katika pwani ya Kenya utumwa ulikoma kutambuliwa na sheria mwaka 1907. Wako wadhanio ya kuwa mambo hayo yamekwisha. Yaliyokwisha ni soko na mnyororo, hila ingalipo.

Wala hila hiyo haiji na mgeni. Huja na mtu tumjuaye: jirani, au rafiki wa shangazi. Humwambia binti ya kuwa iko kazi ya duka huko Ghuba, mshahara ni mnono, na tikiti imekwisha lipwa. Afikapo hujiona ndani ya nyumba ya watu, akitumika tangu alfajiri hata usiku wa manane, pasi yake imechukuliwa na simu yake pia. Akitaka kurejea kwao huambiwa alipe kwanza gharama za kumleta. Desturi ya kafala humfungamanisha mfanyakazi na mwajiri wake. Na Saudia ilipoilegeza mwaka 2021, watumishi wa nyumbani hawakuingizwa katika nafuu hiyo. Wala si mabinti peke yao. Tangu mwaka 2022 zimejulikana habari za vijana wa Kenya walioahidiwa kazi Thailand, wakavushwa hata Myanmar, wakalazimishwa kuwatapeli watu kwa intaneti.

Hatusemi kwamba kila asafiriye ameuzwa. Wako wengi waliokwenda wakalipwa haki yao, wakawajengea wazee wao nyumba. Tusemalo ni kwamba tupambanue.

Huenda mtu akasema: "Mwenyewe aliridhia." Twamjibu ya kuwa ridhaa iliyopatikana kwa uongo si ridhaa. Mwenye kuuza bidhaa akaficha aibu yake amefanya ghushi. Seuze mwenye kumdanganya binadamu juu ya nafsi yake! Na sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupinga usafirishaji haramu wa watu yakataa udhuru huo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Mwengine atasema: "Riziki yatoka kwa Mungu, tutawakali." Ni kweli, lakini Mtume alimfundisha yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali.

Basi wajibu wetu ni mambo matatu.

La kwanza ni kuuliza. Je, wakala huyu amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira? Mkataba uko wapi, na yule atakayetia sahihi ameusoma kwa lugha aijuayo? Viza ni ya kazi au ni ya matembezi? Nakala ya pasi na ya mkataba zimebaki nyumbani? Wakala akikasirika kwa kuulizwa, hasira yake ni jawabu tosha.

La pili ni kumpokea arudiye. Binti akirejea mikono mitupu, sisi humcheka, tukamsingizia mambo. Naye hunyamaza kwa haya. Kunyamaza kwake ndiko kumpatiako wakala binti wa pili katika mtaa ule ule. Lau tungalimkalisha kwa heshima tukamsikiliza, habari yake ingaliwaokoa wengi. Basi anyamazishaye aliyedhulumiwa amemsaidia dhalimu.

La tatu ni kujitazama wenyewe. Ni nani yule msichana mdogo aliyeletwa kutoka bara, alalaye jikoni mwetu, ambaye wazazi wake waliahidiwa kuwa atasomeshwa? Yuko skuli gani? Mshahara wake unapokewa na nani? Hatuna uso wa kuwalaumu matajiri wa Ghuba hali katika nyumba zetu yumo mtoto asiyelipwa. Yule mtu wa tatu katika hadithi hakutajwa kuwa ni Mwarabu wala Mswahili. Alitajwa kuwa ni mwenye kula jasho la mwenziwe.

Kila baba na kila mama na aisome hadithi hii nyumbani kwake kabla mgeni mwenye ahadi hajapiga hodi. Mwenyezi Mungu atuepushe na kuuzwa, na kuuza, na kuyanyamazia hayo. Wabillahi taufiki.