SOMO KWA VIJANA: KUCHORA NYUMBA YA MATOFALI YA KUCHEZEA KWA KOMPYUTA



Vijana wengi huuliza jinsi ya kujifunza uchoraji wa kompyuta. Huingia katika chumba cha kompyuta bila mpango, na saa yao ikiisha wanatoka bila kitu mkononi. Somo hili linaonyesha njia nyingine: kazi ianze kwenye karatasi, halafu iende kwenye kompyuta. Tutatumia matofali madogo ya plastiki ya watoto, yale ya LEGO, kwa sababu vipimo vyake ni rahisi na havibadiliki.

Kwa nini tujifunze jambo hili?

Wengine watasema huu ni mchezo tu. Tazameni Masoro, katika wilaya ya Gasabo, Kigali. Huko ndiko kuna eneo maalum la viwanda. Mwezi wa Juni 2018 kampuni ya Volkswagen ilifungua huko kiwanda cha kuunganisha magari. Gari huchorwa kwanza kwa kompyuta, kila kipande kina namba yake, vipande huletwa, na wafanyakazi huviunganisha kwa utaratibu uliopangwa. Anayechora nyumba ya matofali ya kuchezea hujifunza mambo hayo hayo matatu: kipimo, orodha ya vipande, na hatua za kuunganisha. Somo hili peke yake halimpi mtu kazi. Linampa msingi.

1. Vipimo vya tofali

Hataza ya tofali hili iliombwa nchini Denmark mwaka 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na la leo. Juu yake kuna vinundu. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Urefu wa tofali kwenda juu ni milimita 9.6. Vipo pia vibao vyembamba vya milimita 3.2, vibao vitatu vikipangwa huwa sawa na tofali moja. Sisi tutatumia aina mbili tu: tofali la vinundu 2 kwa 4, na tofali dogo la 2 kwa 2.

2. Kuchora kwenye karatasi

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja ni kinundu kimoja. Chora mraba mkubwa wa 8 kwa 8. Ukuta uwe na unene wa miraba 2. Katikati kitabaki chumba cha 4 kwa 4. Chora kozi nne, yaani safu nne za matofali, kila moja kwenye ukurasa wake.

Kozi ya kwanza: nyuma weka matofali mawili makubwa yaliyofuatana. Kila upande weka moja, katikati. Mbele weka tofali dogo kwenye kila kona. Nafasi ya miraba 4 inayobaki mbele ni mlango.

Kozi ya pili: kila upande weka makubwa mawili, kutoka mbele hadi nyuma. Nyuma weka moja katikati. Mbele acha wazi.

Kozi ya tatu: fanya kama ya kwanza, lakini mbele weka makubwa mawili yapite juu ya mlango. Hiyo ndiyo linta.

Kozi ya nne: fanya kama ya pili, na mbele uongeze moja katikati.

Fundi wa matofali ya udongo ataelewa mara moja kwa nini kozi zinapishana. Maungio yakifuatana kutoka chini hadi juu, ukuta hupasuka. Hapa kila ungio hufunikwa na tofali la juu yake.

3. Kuhesabu

Kozi ya kwanza ina makubwa 4 na madogo 2. Ya pili ina makubwa 5. Ya tatu 6. Ya nne 6. Jumla ni makubwa 21 na madogo 2. Andika hesabu hii pembeni mwa karatasi. Tutaihitaji.

4. Kwenye kompyuta

Ipo programu ya bure iitwayo LeoCAD. Ikishawekwa, hufanya kazi bila intaneti. Inatumia hazina ya vipande iitwayo LDraw, iliyoanzishwa mwaka 1995 na James Jessiman wa Australia. Jessiman alifariki mwaka 1997, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wameiendeleza.

Tafuta kipande namba 3001, ndilo tofali la 2 kwa 4. Namba 3003 ni la 2 kwa 2. Weka kozi ya kwanza ukifuata karatasi yako. Kabla ya kuanza kozi ya pili, fungua hatua mpya, ili mwingine aweze kufuata kazi yako hatua kwa hatua. Hifadhi kazi kila unapomaliza kozi. Faili yake ni maandishi matupu, tena ndogo sana. Hata flashi ya zamani inatosha.

5. Onyo muhimu

Kompyuta haina uzito wala mvuto. Katika programu hii unaweza kuacha tofali likielea hewani, au kuweka matofali mawili mahali pamoja, na hutaambiwa kosa. Picha itapendeza, lakini nyumba haitasimama. Kwa hiyo fanya ukaguzi wa aina mbili. Kwanza, zungusha picha uitazame kutoka chini na kutoka nyuma. Pili, fungua orodha ya vipande. Ikionyesha makubwa 22 badala ya 21, huenda kuna moja limejificha ndani ya jingine. Ndiyo sababu tulihesabu kwenye karatasi kwanza: mwenye hesabu yake anaweza kuisahihisha kazi ya kompyuta, asiye nayo ataamini picha.

Zoezi

a) Nyumba yetu ina upana gani na urefu gani kwenda juu?
b) Mlango una upana na urefu gani?
c) Tukiiacha kozi ya nne, ni sehemu gani ya nyumba itakuwa dhaifu zaidi, na kwa nini?
d) Chora upya kozi ya pili ili nyumba ipate dirisha la miraba 4 upande wa nyuma. Utapunguza matofali mangapi?

Majibu

a) Upana ni vinundu 8 mara milimita 8, yaani 64. Urefu ni kozi 4 mara 9.6, yaani milimita 38.4.
b) Upana milimita 32, urefu milimita 19.2.
c) Linta. Matofali yake mawili yanakutana juu ya nafasi tupu. Tofali la kozi ya nne ndilo linaloyafunga pamoja.
d) Moja tu, lile la katikati nyuma.

Wazazi nao wanaombwa wawaruhusu mabinti kuhudhuria kama wavulana. Kijana asiye na zamu ya kompyuta wiki hii asikae bure: daftari na kalamu vinatosha kumaliza sehemu tatu za kwanza. Siku zamu yake ikifika, aje na karatasi yake.