Mwalimu kasema nikae naye nyumbani

*Shikamoo Bibi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaanga chapati na maandazi hapa Mbagala. Mwanangu wa pili, tumwite Idi, ana miaka saba. Alichelewa kusema, na hadi leo maneno yake yanahesabika. Ukimuuliza "unataka chai?" anakurudishia "unataka chai". Akishika vizibo vya soda atavipanga mstari asubuhi mpaka adhuhuri, na ukivigusa analia hadi anajipiga kichwa. Hospitali walituambia ana usonji.*

*Januari tulimwandikisha darasa la kwanza. Watoto darasani ni zaidi ya mia moja. Kengele ikilia anaziba masikio na kukimbilia nje. Wiki ya tatu mwalimu akaniita, akaniambia kwa upole, "Mama, kaa naye tu nyumbani mwaka huu, tutaangalia mwakani." Mume wangu ameafiki. Mama mkwe anasema nilimbemenda mtoto, na kwamba kumtembeza ni kutangaza aibu yangu. Jirani kanieleza kuwa siku hizi wapo wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani. Nafikiria nimtoe shule kabisa nimfundishe mwenyewe, ila mimi nimeishia kidato cha pili. Je, nitaweza? Nianzie wapi?*

*Kuna siku nikienda kununua unga namfungia chumbani, nageuza ufunguo. Nikirudi namkuta amekaa palepale mlangoni.*

*Mama Idi, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama kwenye huo ufunguo. Umeuliza habari za shule, lakini nadhani mstari ule wa mwisho ndio unaokunyima usingizi. Nitaufikia. Kwanza nikuondolee mzigo uliotwikwa, maana mama anayeshtakiwa kutwa hapati nafasi ya kufundisha.

Hukumbemenda mtoto wako. Usonji huanza ubongo unapojengeka, mtoto akiwa bado tumboni, na sehemu kubwa yake ni mambo ya urithi wa damu. Hautokani na faragha yako na mumeo, wala chanjo, wala kijicho cha mtu. Na usidhani ni huku kwetu tu mama anakobebeshwa lawama. Huko Marekani, baada ya daktari Leo Kanner kuandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, haukupita muda mrefu wataalamu wakaanza kusema kwamba kina mama wa watoto hao wana mioyo ya baridi. Wanawake wakaibeba aibu hiyo miaka mingi. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu akapinga: chanzo kiko mwilini, si katika malezi. Mwaka 1977 utafiti wa mapacha wa Uingereza ukaipa nguvu hoja ya urithi. Mweleze mama mkwe kwa adabu, mumeo akiwepo, kwamba hata madaktari waliwahi kumsingizia mama, na walikosea.

Nami nina langu la kuungama. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi. Nilikuwa na mtoto aliyeingia chini ya dawati kila kengele ilipolia. Nilimvuta mkono, nikamchapa, nikaandika kwenye daftari langu kuwa ni mkaidi. Muhula wa pili hakurudi, nami nikashusha pumzi. Leo najua kengele ile ilimwumiza kweli, na kule kujificha ndiko kulikuwa kusema kwake. Mama yake sikumuuliza hata swali moja. Ninapokujibu wewe, namjibu na yeye.

Sasa, utaweza? Utaweza, na kidato cha pili kinakutosha. Lakini kumfundisha mtoto nyumbani ni jambo moja, na kumweka nyumbani ni jingine. Anayefundishwa, kila mwezi anajua kitu ambacho mwezi uliopita hakukijua, na watu wanaomjua wanaongezeka. Anayewekwa hukua mwili tu, na watu wanaomjua wanapungua.

Kwa hiyo usimtoe kabisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefika miaka saba na kuhakikisha anahudhuria, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mwanao kusoma kama watoto wengine. "Kaa naye nyumbani", hata ikisemwa kwa upole, haifuti haki hiyo. Jina lake libaki kwenye rejista. Nenda halmashauri ya manispaa ukiwa na karatasi za hospitali, umuulizie afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mwombe mambo mawili: Idi afanyiwe upimaji wa mahitaji yake ya kujifunza, na uelekezwe shule yenye kitengo cha watoto kama yeye. Jijini humo shule kama Msimbazi Mseto na Uhuru Mchanganyiko zinapokea watoto wenye ulemavu, wakisoma pamoja na wenzao. Najua kutoka Mbagala ni mwendo. Ndiyo sababu uombe mapema, na hapo nyumbani pawe daraja wakati unasubiri.

Hospitali nako urudi. Mtoto mwenye maneno machache lazima apimwe usikivu, hata kama kelele zinamkera. Kama huganda ghafla akitazama mahali pamoja, au aliwahi kupata degedege, mwambie daktari, kwani kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Uulizie pia tiba kwa vitendo. Wataalamu wake watakuonyesha namna ya kumzoesha mtoto kuvaa, kula, kushika kalamu na kustahimili sauti.

Tuingie darasani kwako. Mtoto huyu anasumbuliwa na kutojua kinachofuata, basi siku yake mwonyeshe kwa macho. Piga picha kwa simu: mswaki, kikombe cha chai, mkeka wa kusomea, vizibo, ndoo ya kuogea, kitanda. Zisafishe studio, uzibandike ukutani zikifuatana tangu asubuhi hadi usiku. Kila jambo likiisha, abandue picha yake aitie kwenye kopo. Baada ya majuma machache utamwona akienda mwenyewe ukutani kutazama kinachofuata.

Somo liwe la dakika kumi, kisha apumzike, kisha kumi nyingine. Kabla ya kukaa mkekani mpe kazi ya nguvu, abebe kidumu cha maji au akusaidie kukanda unga, maana mwili uliofanya kazi hutulia. Somo lenyewe chagua wakati ambao hukaangi, jiko likiwa limezimwa.

Vizibo usimnyang'anye. Hicho ndicho kitabu chake cha hesabu. Kaa kando yake, panga wako mstari bila kuugusa wake, siku nyingi kama itabidi, mpaka akuruhusu kuongeza kimoja. Hapo mmeanza: vyekundu huku, vya kijani kule, vitano ukiondoa viwili. Kisha hamia kwenye unga. Chapati nane zinataka madonge manane, na kila donge lina mahali pake kwenye sinia. Unga kidogo ukiutandaza kwenye sinia hiyohiyo, kidole chake kinaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na akikosea mnafuta kwa kiganja.

Anaporudia "unataka chai", usidhani anakukejeli. Ameipokea sentensi nzima na huenda anakurudishia kwa sababu anaitaka chai. Badala ya kumuuliza, mpe maneno yatakayokuwa yake: "Nataka chai." Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Sisi kina mama tunajaza ukimya upesi mno, na mtoto huyu neno lake huja polepole. Mwekee picha mbili, ya chai na ya maji. Atakayoigusa, mpe papo hapo. Watakuambia picha zitamzuia kusema. Hazimzuii. Mtoto anayeeleweka hupata hamu ya kueleza zaidi, na hata maneno yasipokuwa mengi, atakuwa na njia ya kusema anaumwa au ana njaa.

Akilia hadi kujipiga kichwa, punguza maneno, punguza watu, weka mto kati ya kichwa na ukuta, ukae karibu. Kilio kikishapita ndipo ujiulize kilianzia wapi: kelele, njaa, au kitu kilichobadilishwa bila yeye kuonyeshwa? Fimbo hapo haifundishi chochote isipokuwa kukuogopa.

Haya yote usiyafanye peke yako. Baba yake awe na somo lake, hata nusu saa jioni, picha yake ikiwa ukutani kama picha nyingine. Ndugu zake wajifunze michezo miwili ya kucheza naye. Na siku ya kliniki usikae kimya kwenye benchi. Mama aliye kando yako ana mtoto kama wako na hofu kama yako. Mkiwa watatu au wanne mnaweza kupokezana kuwaangalia watoto, mmoja aende sokoni, mwingine alale saa moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kina mama wengi wamepata msaada siku ile walipokubali jirani aone.

Na sasa ule ufunguo. Sikuhukumu. Najua unga haujileti, na najua wasaa wa mtu mwenye mikono miwili. Lakini moto ukiwaka mtaani, au mtoto akianguka degedege, mlango huo hautafunguka wewe ukiwa dukani. Zaidi ya hayo, kukaa kwake mlangoni kunaniambia jambo. Mtoto ambaye hata jina lako halitamki amekaa pale ulipopitia, akikusubiri.

Basi somo la kwanza liwe safari ya unga. Tengeneza picha mbili, ya duka na ya nyumbani, umshikishe mkononi. Nendeni mapema, kabla duka halijajaa watu, naye abebe mfuko. Akishindwa katikati ya njia, rudini bila kugombezana, kesho mfike hatua kadhaa mbele ya hapo. Wanaotazama watatazama, kisha watamzoea, na muuza duka atamjua jina. Mkirudi, mpe ufunguo aufungue mlango yeye mwenyewe, muingie pamoja.

Ukishafika kwa afisa wa halmashauri, niandikie uniambie alichokujibu.

Wako Bibi