VIDONGE VYA VITAMINI: JE, HULETA FURAHA?

Leo tujifunze jambo linalowahusu hasa wazazi na walimu wetu. Hapa Eldoret, watu wazima wengi hununua vidonge vya vitamini katika maduka ya dawa. Ukiwauliza sababu, utasikia, "Siku hizi sina raha, nimechoka tu." Je, vidonge huondoa huzuni?

1. Vitamini ni nini?
Ni viini vya chakula vinavyohitajika mwilini kwa kiasi kidogo sana. Jina hilo lilitokana na mwanasayansi Casimir Funk mwaka wa 1912. Ubongo nao huvihitaji.

2. Mtu akipungukiwa
Chukua mfano wa pelagra. Huwapata watu ambao karibu chakula chao chote ni mahindi, kwa kuwa niasini iliyomo katika mahindi haifyonzwi vizuri tumboni. Ngozi hubabuka, mtu huharisha, na akili huvurugika. Sisi wa Uasin Gishu, ghala la mahindi, tusishtuke: ugali ukiliwa pamoja na maziwa, nyama au maharagwe, hatari hiyo huondoka. Vitamini B12 nayo hutoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Anayeikosa kwa muda mrefu huchoka, husahau, na huweza kushikwa na huzuni. Kwa watu kama hawa, vitamini ni dawa kweli.

3. Na asiyepungukiwa je?
Huko Marekani, watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka kama 5. Nusu yao walimeza vitamini D, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2020: vitamini haikuwakinga na sonona. Ni sawa na kumimina maji katika mtungi uliojaa.

4. Tufanyeje?
Kwanza, tule vizuri: managu, ndengu, mayai, mursik. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe vitamini na madini. Pili, tusimeze vidonge ovyo. Vitamini A na D zikizidi mwilini hudhuru. Tatu, huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi ukapotea na kazi ikamshinda mtu, aende hospitalini apimwe na asikilizwe. Kumeza vidonge miezi na miezi huku ugonjwa unakomaa ni hatari, na pesa za karo zinaisha bure. Kuugua sonona si aibu, kama vile malaria si aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Msamiati
Sonona: ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.
Kufyonza: kuvuta na kuingiza ndani.

Zoezi
(a) Kwa nini mla ugali mtupu yumo hatarini?
(b) Ni nani hufaidika na vidonge vya vitamini, na ni nani asiyefaidika?
(c) Mweleze mzazi wako, kwa adabu, uliyojifunza hapa.