Stilo ya Tableti Nayo Ina Mpini Wake

Somo letu la leo ni la mkono.

Mtu anayeponda mawe anajua kuchagua mpini. Akipewa nyundo mpya haangalii kwanza chuma, anaangalia mti. Anaushika, anaupima uzito, anapitisha kiganja pole pole akitafuta kibanzi kinachoweza kumchoma. Mpini mwembamba mno anaukataa, kwa sababu anajua kwamba jioni vidole vitakuwa vimekufa ganzi. Mnene mno anaukataa pia, maana kidole gumba hakivifikii vingine, na nyundo inaweza kumtoka na kumpiga mwenzake. Mama anayetwanga mawe ya dhahabu kule Kamituga au Luhwindja anaujua mchi wake vile vile. Elimu hiyo hatukuipata shuleni, mkono wenyewe ndio uliotufundisha.

Lakini mtu huyo huyo akipandishwa kazi, akawa karani wa mzani na kupewa tableti pamoja na stilo yake, elimu hiyo anaiacha nje ya mlango wa ofisi. Anashika kijiti cha plastiki, chembamba, chenye kuteleza kama sambaza aliyetoka ziwani sasa hivi, na anakibana tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni. Baadaye anakuja dispansere na kusema: «Munganga, mkono unaniuma, na sibebi tena kitu kizito.» Ndiyo, hubebi kitu kizito. Lakini unabana.

Zamani kazi hii ilikuwa ya daftari. Kule Nyabibwe, katika teritwari ya Kalehe, mifuko ya kasiterite ilipoanza kufungwa lebo mwaka 2012, karani aliandika kwa kalamu namba ya lebo, uzito na tarehe, mstari baada ya mstari. Siku hizi sehemu ya maandishi ya namna hiyo imehamia kwenye kioo. Watoto wetu wa shule nao wanaandika kwenye kioo, na hata sisi wa afya tunajaza fishi za wagonjwa humo. Kwa hiyo tujifunze namna ya kuchagua ganda la mpira linalovikwa stilo. Ganda hilo ndilo mpini wake.

Kwa nini kitu chepesi kinachosha

Maumivu ya mwandishi si ugonjwa wa jana. Munganga Bernardino Ramazzini wa Italia, katika kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi, toleo la 1713, aliandika habari za makarani waliopatwa na uchovu wa mkono wa kuume kwa sababu ya kushika kalamu bila kupumzika. Wakati huo kalamu ilikuwa unyoya wa ndege. Basi utaona kwamba uzito si neno.

Jambo lenyewe ni kubana. Ukishika kitu kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, nguvu haibaki pale kwenye ncha. Wapimaji wa Marekani walionyesha mwaka 1977 kwamba ukibana kwa nguvu ya kilo 1, kiungo cha chini kabisa cha kidole gumba, kile kilicho karibu na kifundo cha mkono, kinabeba mgandamizo wa kilo 12 hivi. Sasa fikiri juu ya mtu anayebana hivyo kwa saa sita.

Na ni nini kinachotufanya tubane zaidi ya lazima? Kwanza ni wembamba. Kitu chembamba kinaacha nafasi ndogo ya ngozi kukishika, hivyo vidole vinafidia kwa nguvu. Pili ni utelezi, hasa wakati mkono una jasho au vumbi. Tatu ni kioo chenyewe. Karatasi inaizuia kalamu kidogo, kumbe kioo kinaiachia ikimbie, na mtu anakaza vidole ili kuirudisha. Wengine wanaongeza kosa la nne: wanaogopa kukigusa kioo kwa kiganja, wanauacha mkono ukielea hewani, na jioni ni bega linalolalamika. Kama tableti yako inakubali kiganja, weka mkono chini upumzike.

Unene: pima kwa ukanda wa karatasi

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ganda likikosea unene, uzuri wake mwingine wote ni bure.

Kwa mpini wa kushikwa na kiganja kizima, kama wa nyundo, wataalamu wa kazi wanashauri upana wa milimeta 30 hadi 50, na 40 ni nzuri kwa mikono mingi. Kwa kitu kinachoshikwa kwa ncha za vidole, wanashauri milimeta 8 hadi 16, na 12 ndiyo inayopendeza. Penseli ya shule ina milimeta 7 hivi. Apple Pencil ya kwanza na ya pili zina milimeta 8.9. Unaona kwamba zote mbili ziko upande wa wembamba.

Ganda la mpira lenye unene wa milimeta 1 na nusu linaongeza milimeta 3, kwa sababu linazunguka pande zote. Basi 8.9 inakuwa karibu 12. Haihitaji zaidi. Ganda nene kama muhindi wa kuchoma litafanya vidole vifunguke mno, na maandishi yatakuwa makubwa na mabaya.

Huna chombo cha kupimia? Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe mara moja pale unaposhika, weka alama, kisha unyooshe kwenye rula. Ukipata karibu milimeta 38, upana ni 12. Chini ya 25 ni chembamba mno, na juu ya 50 ni kinene mno. Kwa mpini wa nyundo, tafuta sentimeta 12 na nusu. Mtoto mwenye vidole vidogo umpunguzie kidogo, na mtu wa mikono mikubwa umwongezee.

Ugumu, umbo na ngozi ya ganda

Bonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Linapaswa kukubali kidogo na kurudi. Likiwa gumu kama plastiki ya ndoo, halikusaidii. Lakini usidanganywe na lile laini kama sifongo! Kwenye kitanda sifongo ni raha. Kwenye stilo linakunywa jasho na uchafu, na kwa kuwa linazama, vidole vinaendelea kubana vikitafuta mahali pagumu. Silikoni iliyo imara kiasi ndiyo nzuri. Tena haina mpira wa mti ndani yake, na hilo linafaa kwa wale wanaovimba au kuwashwa ngozi wakivaa glavu za mpira.

Umbo la pembetatu ni zuri, maana linatoa nafasi tatu kwa vidole vitatu, na stilo haijiviringishi kutoka mezani. Bali mifereji iliyochongwa tayari kwa vidole mimi siipendi. Ilichongwa kwa mkono wa mtu mmoja wa kiwandani. Mkono wako ukiwa mpana kuliko wake, kingo za mifereji zitakukata pale pale pa kushikia, na mtu wa mkono wa kushoto atateseka zaidi.

Angalia pia ganda linaishia wapi. Wengi wetu tunashika sentimeta 2 hadi 4 kutoka kwenye ncha. Ukingo wa ganda usiwe chini ya kidole, utakichimba. Uso wake uwe na ukwaruzo mdogo, usio mkali. Rangi chagua unayopenda, ila ukifanya kazi nje, ya machungwa inaonekana upesi ndani ya matope.

Kisha lijaribu. Muuzaji wa Kadutu au wa Nyawera pengine hatakupa dakika kumi, basi muombe mbili. Andika jina lako mara ishirini kwa mwendo wa kawaida, halafu simama ghafla na utazame ukucha wa kidole cha shahada. Ukiwa umegeuka mweupe, bado unabana, na ganda hilo halikukufaa. Mwambie mwenzako avute stilo pole pole kutoka mkononi mwako wakati unaandika. Itoke bila vita.

Ganda lisiue stilo

Hapa watu wanapoteza franka zao. Stilo si za namna moja.

Stilo ya bei ndogo, isiyo na betri, yenye ncha ya mpira mweusi, inafanya kazi kwa sababu kioo kinautambua mwili wako kupitia chuma cha stilo. Ukikifunika chuma chote kwa mpira, umekata njia. Stilo inakufa, na mwenye nayo anamlaumu muuzaji. Kwa stilo hiyo chagua ganda fupi au lenye tundu, kidole kimoja kibaki kimegusa chuma. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanaoviringisha ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kama tunavyofanya kwenye mipini ya majembe. Dawa hiyo ni nzuri na haina gharama, lakini acha chuma kidogo wazi.

Apple Pencil ya pili, iliyotoka 2018, inapata umeme kwa kubandikwa ubavuni mwa tableti kwa sumaku. Ganda nene linaitenga na sumaku, na asubuhi unakuta haina nguvu. Chukua jembamba, au lile linalovuliwa kwa urahisi. Ile ya kwanza, ya 2015, inachomekwa baada ya kuvua kofia yake ya nyuma, basi ganda liache kofia hiyo huru. Stilo za Samsung hazina matata hayo wakati wa kuandika, kwa kuwa nguvu ya kuandikia zinaipata kwenye kioo chenyewe, lakini zile zinazoingia ndani ya tundu la chombo hazitaingia zikiwa zimevaa.

Kwa kulinda stilo isivunjike inapoanguka, tafuta ganda lenye kofia ya kufunika ncha. Stilo nyingi zinaharibika kwa kuangukia ncha. Kwa kazi ya shimoni na ya mtoni, kamba ndogo ya kuifunga kwenye tableti inasaidia kuliko ganda lolote.

Mkono ukianza kukuambia kitu

Maumivu chini ya kidole gumba au juu ya mkono karibu na kiwiko, yanayokuja jioni na kuisha ukipumzika, ni ya kubana. Badilisha ganda, legeza vidole, na kila nusu saa uiweke stilo chini, ufungue kiganja chote na kuzungusha mabega.

Ganzi ni neno lingine. Kama kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete vinakufa ganzi, hasa usiku, na unaamka ukikung'uta mkono, basi mshipa wa fahamu unabanwa katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Tunauona kwa wanaopiga nyundo na wanaoshika mashine za kutoboa mwamba kuliko kwa makarani. Tunauona kwa mama wajawazito, ambao mara nyingi wanapona baada ya kuzaa. Ugonjwa wa sukari unaweza kuuleta, na pia tezi ya shingo iliyopungukiwa nguvu, jambo ambalo sisi wa Kivu hatupaswi kulisahau, kwa sababu uvimbe wa shingo ulijulikana sana katika kisiwa cha Idjwi. Kwa hiyo usikimbilie kulaumu stilo, na usikimbilie kuchanjwa chale. Njoo dispansere. Mwanzoni, kufunga kifundo kikae sawa wakati wa kulala kunawasaidia wengi. Ukichelewa mpaka nyama iliyo chini ya kidole gumba ianze kukonda na vikombe kukuponyoka, matibabu yanakuwa ya upasuaji, na nguvu yote haiwezi kurudi kila mara.

Na wewe wa mashine ya kutoboa mwamba, ukiona vidole vinageuka vyeupe kama chokaa asubuhi ya baridi, hiyo si kazi ya ganda la mpira hata kidogo. Vidole hivyo vimeharibiwa na mtikisiko. Munganga Alice Hamilton aliukuta kwa wachonga mawe wa Indiana, Marekani, mwaka 1918, katika mikono iliyoshika nyundo za hewa. Kuviringisha mpira kwenye mashine hakuzuii mtikisiko wa kutosha. Mwambie kapita wako, na uje tukuandike.

Nyumbani na kuosha

Kofia ndogo za stilo, ncha za akiba na betri ndogo ziwe mbali na mtoto wa chini ya miaka 3, maana kila kitu kwake ni chakula. Akimeza betri ya kifungo, msimlazimishe kutapika. Pelekeni hospitali saa ile ile, hata kama anacheka.

Ganda livuliwe mara moja kwa juma. Chini yake vumbi la mawe linakusanyika na jasho na kuikwaruza stilo kama msasa. Ganda lioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, likaushwe kivulini mpaka ndani kabisa, na stilo yenyewe ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, isitiwe majini. Stilo inayopita mikononi mwa watu watano kwa zamu ioshwe ganda kila siku, na mwenye upele au macho mekundu apewe yake peke yake mpaka apone.