Jaribio la bure la mchezo wa mtandaoni: Tulipime kabla ya kutoa kadi ya benki

Wazazi wengi wa mijini siku hizi hufikwa na ombi moja. Kijana anakuja na kusema: "Baba, kuna mchezo wa kwenye intaneti, kujaribu ni bure." Baba mmoja hukataa palepale bila kuuliza, mwingine hukubali bila kuuliza. Wote wawili hawajafanya uchunguzi. Suala la kujiuliza ni hili: je, jaribio hilo lina thamani ya muda na bando litakalotumika?

Tuchukue mfano wa mchezo mashuhuri wa World of Warcraft, uliotolewa Marekani na kampuni ya Blizzard mwezi Novemba 2004. Huu ni mchezo wa maelfu ya watu wanaokutana mtandaoni kwa wakati mmoja. Ada yake kwa mwezi huko Marekani ni dola 14.99, ambayo kwa mwaka inakaribia dola 180. Mwanzoni jaribio la bure lilikuwa la siku chache tu. Mwaka 2011 kikomo cha siku kiliondolewa, kikawekwa kikomo cha ngazi: mchezaji anafika ngazi ya 20 na hapo anasimama, hata akikesha.

Wengi walifurahi wakidhani wamepewa zaidi. Lakini tutazame alichonyimwa. Mchezaji wa bure hawezi kujiunga na chama cha wachezaji wala kutumia soko la mnada, na kiasi cha dhahabu anachoweza kumiliki kina mpaka. Na vyama hivyo, pamoja na mapambano ya pamoja ya ngazi za juu, ndivyo vinavyowafanya watu waendelee kulipa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo jaribio linamwonesha mtu sebule tu, hali nyumba anayouziwa ina vyumba vingi.

Mchezo wa Final Fantasy XIV wa kampuni ya Square Enix ya Japani ulikwenda mbali zaidi. Agosti 2020 kikomo cha jaribio lake kilipandishwa hadi ngazi ya 60, na Oktoba 2023 hadi ngazi ya 70. Huo ni mchezo wa mamia ya saa. Hata hivyo lipo sharti ambalo wengi hulisahau: akaunti ikishalipiwa, hairudi tena kuwa ya bure. Mlango ni wa kuingilia tu.

Basi tupime kwa mambo manne.

Kwanza, gharama iliyojificha. Michezo hii hupakuliwa kwa makumi ya gigabaiti. Kwa anayenunua bando, "bure" imekwisha kabla hajacheza dakika moja. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Pili, umbali wa seva. Seva za World of Warcraft ziko Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki. Aliye Dar es Salaam au Mombasa anaweza kubonyeza na kungoja. Hapa jaribio lina faida ya kweli, maana huonesha kama mtandao wa nyumbani unafaa kabla ya kulipa.

Tatu, saa za kucheza. Mchezo wa watu wengi hausimamishwi kama kaseti. Wenzako Ujerumani wakikutana saa 2 usiku hadi saa 5 wakati wa majira yao ya baridi, kwetu ni saa 4 hadi saa 7 usiku. Je, Alfajiri ataamka nani? Na shule je? Hili jaribio halilioneshi, kwa sababu mchezaji wa bure hana chama kinachomdai ahudhurie.

Nne, kudhibiti nafsi. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Si kila mchezaji ni mgonjwa. Dalili ni kushindwa kujizuia na kuupa mchezo kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, hata madhara yakionekana.

Kimsingi, jaribio linafaa kama mtu ataliendea kama mtihani, siyo kama zawadi. Mzazi na kijana wakubaliane kabla: siku kumi, saa moja kwa siku, bila kadi ya benki. Siku ya kumi waulizane: Je, saa moja ilibaki kuwa saa moja? Swala na masomo vilibaki mahali pake? Mtandao ulihimili? Likipatikana jibu la "hapana" hata moja, jaribio limefanya kazi yake, na fedha zimeokoka.

Aliyeshindwa kusimama wakati mchezo ni wa bure, atasimamaje akishaulipia?